Radhi ya Mtani

Siku tuliyomzika mume wangu nilikuwa natazama shada la maua. Lilikuwa na maandishi ya aina nne na rangi zisizopatana, na jina la marehemu limebanwa pembeni kana kwamba halihusiki. Nikajisemea, aliyetengeneza hili angekuja darasani kwangu ningemwambia achague aina moja ya maandishi, aliweke jina katikati, kisha aache nafasi. Hayo ndiyo niliyoyawaza mbele ya jeneza la Hilari. Wanawake walinishika huku na huku wakidhani nitaanguka. Sikuwa na mpango wa kuanguka. Sikuwa nasikia kitu, si uchungu wala njaa wala jua la Usoke lililokuwa linatuchoma utosini.

Presha ilimwangusha asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Hakuugua, hakuaga. Tulimkuta na kiatu kimoja mguuni, na mimi, badala ya kupiga yowe, nilimvua kile kiatu nikakipanga na mwenzake ukutani. Binti yetu Julieth alipofika kutoka chuoni aliniuliza mbona silii. Nikamwambia nitalia, nina kazi.

Naitwa Josepha. Kazi yangu, pale Chemchem, Tabora mjini, ni kutengeneza lebo, mabango na vifungashio vya wafanyabiashara wadogo. Parokia na vikundi vya akina mama huniita pia niwafundishe namna ya kuuza. Darasa langu huanza na methali moja ninayoiandika ubaoni na kuifuta papo hapo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaambia aliyeisema hajawahi kuuza hata fungu la nyanya. Kizuri kikinyamaza kinaozea dukani, na kibaya chenye mfuniko mzuri kinabebwa. Wanacheka, halafu wanaandika. Sipendi wanaocheka bila kuandika.

Mfano wangu siku zote ulikuwa asali yetu. Hilari alikuwa na mizinga msituni huko Usoke, kijijini kwao, na alikusanya pia asali ya warinaji wenzake. Mama yake, bibi Nyamizi, aliichuja pamoja na wanawake wa jirani. Mimi niliifungasha. Mwanzoni akina mama waliiuza stesheni, treni ya Kigoma inaposimama, na jioni walirudi na beseni zimejaa vilevile. Lebo ilikuwa nzuri, nimeichora mwenyewe, lakini ilikuwa ubavuni mwa chupa. Siku moja nikapanda treni kutoka Tabora, nikakaa dirishani kama abiria, tukafika Usoke, nikaelewa. Abiria yuko juu. Beseni liko chini, kichwani mwa mama. Anachokiona mnunuzi ni vifuniko. Tukatafuta vifuniko vya njano, tukaandika neno moja kubwa, ASALI, na beseni zikaanza kurudi tupu. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasichore lebo wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Nenda kwanza ukakae alipokaa mnunuzi.

Baadaye tukapata maduka Mwanza na Dar es Salaam. Hapo ndipo nilipoamua jina liwe Asali ya Hilari. Yeye hakutaka. Alisema nyuki ndio wanaofanya kazi, kwa nini yeye ndiye aandikwe. Nikamwambia mtu hanunui kwa nyuki, ananunua kwa mtu. Nikamshonea na koti la kazi lenye nyuki mmoja na jina mgongoni, maandishi makubwa, yasomeke hata na aliye ng'ambo ya barabara. Alilivaa kwa aibu, kisha akalizoea, kisha akawa halivui.

Sasa nimlete Amon, maana bila yeye hakuna hadithi. Amon ni fundi wa reli, Mgogo wa huko Bahi, aliyeletwa Tabora na kazi akanogewa akabaki. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani wakatozwa hongo hadi kwa maji ya kunywa. Kila alipokutana na Hilari, Amon alimwita mwizi wa maji, na Hilari alimjibu kwamba Wagogo ndio watu pekee duniani waliouza mvua ya Mungu. Mimi aliniita mke wangu, hadharani, hata mbele ya paroko. Akija nyumbani alifunua sufuria kabla ya kusalimia. Asiyejua utani angedhani tuna ugomvi wa mashamba. Anayejua alijua kwamba hakuna aliyempenda mume wangu kuliko yule.

Na msibani mtani ana kazi yake. Wengine wanapolia, yeye anachekesha. Anamsema marehemu, anavaa nguo zake, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Utani haununiwi, na utani wa msibani ndiyo kabisa. Amon alitokea nyuma ya nyumba amevaa lile koti la Hilari na kofia ya wavu iliyoficha uso. Alishika bomba la moshi la kurinia, akalifukiza jeneza, akisema huyu asije akaamka akatuuma. Watu wakaanza kucheka. Kisha akachukua ndoo yetu tupu yenye lebo, akawanyang'anya akina mama wa chai mfuko wao wa sukari, akaumimina ndoani na kukoroga kwa fimbo.

"Hilari, unaniachia kazi hii peke yangu?" akasema kwa sauti. "Asali yenyewe bila sukari yetu nani atainunua?"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Bibi Nyamizi, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu aletewe habari za mwanawe, alicheka mpaka akashika mbavu, na baada ya pale akakubali uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Amon aliifanya vizuri. Mimi sikucheka. Niliona tu kwamba maandishi ya mgongoni yanasomeka barabara kutoka nilipokaa.

Binti mmoja wa ukoo aliyekuja kutoka Dar es Salaam alirekodi kwa simu, akaituma kwenye kundi la familia ili waliokosa msiba nao wacheke. Hakuwa na nia mbaya. Lakini video ni kama moto wa kusafishia shamba, ukivuka mpaka si wako tena. Mtu tusiyemjua aliipata, akaikata. Alipoikata aliliondoa jeneza, akawaondoa waombolezaji, akaondoa na kicheko. Kilichobaki ni mwanamume aliyeficha uso, amevaa koti lenye jina letu, anamimina sukari kwenye ndoo yetu na kusema maneno yale. Juu yake pakaandikwa: SIRI YA ASALI YA TABORA YAFICHUKA.

Niliitazama nikiwa nimekaa mezani kwangu Chemchem, wiki ile ile ya mazishi. Nasema kama mtu wa kazi: lilikuwa tangazo bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Fupi. Mtu mmoja, tendo moja. Maandishi ya aina moja, makubwa. Jina linasomeka. Kila nilichowafundisha watu kilikuwamo. Nikaizima, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Yasmini ndiye aliyepiga simu kwanza. Yeye ana duka la vyakula vya asili Dar es Salaam na ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa. Alinipa pole, akanipa pole tena. Kisha akasema wateja wanaingia dukani simu mkononi, wanamwonyesha, wanauliza kama na yeye yumo. Alikuwa ameziondoa chupa zetu kwenye rafu na kuziweka stoo. Alisema ananiamini kabisa, lakini imani yake haiuzi chupa. Wa Mwanza hakupiga, aliandika tu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengine hawakupokea simu zangu tena.

Usoke, msimu ulikuwa umekwisha, na asali ya warinaji wote ilikuwa imesimama kwenye ndoo nyumbani kwa bibi Nyamizi, imejaa mpaka chumba cha kulala. Walimletea Hilari kwa sababu ni Hilari. Hawakuwa na mnunuzi mwingine. Na juu ya yote kulikuwa na jina. Mtu akifa kinachobaki ni jina, na jina la mume wangu nilikuwa nimelibandika kwenye chupa kwa mkono wangu. Sasa nchi nzima ilikuwa inalisoma kama jina la tapeli. Nilijua hilo ni jambo la kuumiza. Nilijua kama unavyojua kwamba mlango uko wazi. Sikuumia.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilikaa na tatizo lile kama vile ni la mteja aliyekuja ofisini.

Yasmini alitaka tubandike stika kwenye kila chupa: HAINA SUKARI. Nikamkatalia. Ukiandika haina sukari, macho yanasoma sukari, na hata yule aliyekuwa hajasikia lolote ataanza kujiuliza. Usiichape tuhuma kwenye bidhaa yako mwenyewe, hata kwa kuikana. Julieth alitaka turushe video nzima, yenye jeneza na watu wanaocheka, ili ukweli uonekane. Hilo nalo nikalikataa. Mtu akishaliona jeneza halitoki kichwani. Kila atakapoiona nembo ya yule nyuki ataona jeneza, na hakuna anayetaka kupaka mkate wake kitu kinachomkumbusha kaburi. Baadhi ya watu wa parokia walishauri ninyamaze, maneno yatapita. Ningewaelewa kama yangekuwa maneno. Maneno hupita. Ile ilikuwa picha, na picha inajibiwa kwa picha.

Likabaki moja. Mtu aliyeonekana ndiye aseme, mara moja tu, kwa ufupi, uso wazi. Uso uliofichwa ndio ulioleta shaka, na uso ulio wazi ndio ungeiondoa. Huo ni ushauri ambao ningempa mtu yeyote, na mpaka leo ningempa.

Nilimfuata Amon kwake, kwenye nyumba za reli. Alikuwa anachomelea chuma uani. Aliponiona akazima mashine, akasema karibu, mke wangu, ujane umekuchosha mapema hivi. Nikamweleza habari zote. Alikuwa hajaiona video, simu yake ni ya vitufe. Nilipomwonyesha alicheka sana, akaomba aione tena, akasema kumbe anapendeza. Kisha akaona sicheki, akaacha.

Kwanza alisema atapanda treni aende Dar es Salaam akawatanie hao wenye maduka mpaka wakome. Nikamwambia huko hakuna atakayemwelewa. Wale wanaotazama hawajui msiba wala utani wetu, wanaona mtu na sukari. Nikamwambia ninachotaka: akae mbele ya simu, aseme yale hayakuwa kweli, aombe radhi.

Amon aliinamisha kichwa akawa anakwangua kutu kwenye kile chuma kwa kucha.

"Nikiomba radhi," alisema, "basi nilimtukana kweli."

Akaanza kunieleza kama anayemweleza mtoto. Maisha yake yote hajaona mtani akiomba radhi. Utani ukishaombewa radhi unakuwa tusi, na unakuwa tusi tangu mwanzo, kuanzia siku ya kwanza aliyomwita Hilari mwizi wa maji. Mtani aliyeomba radhi amejitoa. Anabaki mtu wa kawaida aliyemtukana marehemu mbele ya mama yake. Na mtu wa namna hiyo, siku ya kuanua tanga, aje kufanya nini?

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilielewa kila neno. Nikamtajia ndoo zilizojaa nyumbani kwa bibi Nyamizi, nikamtajia warinaji, nikamtajia jina. Nilizungumza kwa mpangilio mzuri kabisa, bila kupandisha sauti. Akaniuliza:

"Unaniomba kama mke wangu, au kama mwenye kampuni?"

"Kama mwenye kampuni."

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Alikuja Jumamosi, amenyoa ndevu, amevaa koti la suti la kanisani. Nikamwambia alivue. Ukivaa suti unafanana na mgombea, na mgombea haaminiwi. Nikamtuma akabadilishe, akarudi na shati la kazi la reli. Nikamkalisha ubavuni mwa dirisha ili mwanga umwangukie usoni, maana ukimpa mtu dirisha mgongoni anageuka kivuli. Simu nikaisimamisha wima, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoishika. Nikamwambia asisome popote. Asiseme neno sukari. Asieleze historia ya utani, hakuna mwenye muda huo. Sentensi ya kwanza ibebe kila kitu, maana wengi wataondoka kabla ya ya pili.

Akaanza kwa kusema watani zangu, nikamkatiza. Akaanza tena, akafika katikati akasema marehemu alikuwa mchoyo lakini, nikamkatiza. Haikuwa makusudi, ulimi wake haukuwa umezoea njia nyingine ya kumtaja Hilari. Nikamwambia hapa hakuna mzaha, Amon, hata mdogo. Akasema sawa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, nikampa kitambaa ajifute lisije likang'aa kwenye picha. Hatimaye akasema hivi, akitazama pale nilipomwonyesha:

"Mimi naitwa Amon. Mtu mnayemwona kwenye ile video ni mimi. Nilikuwa kwenye mazishi ya rafiki yangu Hilari, na niliyoyasema hayakuwa kweli. Asali yake ni safi. Namwomba radhi yeye, na mke wake, na mama yake."

Pale kwenye rafiki yangu sauti ilikatika. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Miaka yote ile alimwita mwizi, mzembe, mbeba mizigo, mla asali ya watu. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, akauliza kama anaweza kwenda. Nikamwambia asubiri nisikilize sauti kama imetoka. Akasimama mlangoni akisubiri, mikono imeshuka. Nikasikiliza, nikamwambia hatutarudia, hii inafaa, machozi yanaonyesha ukweli.

Amon akaitikia kwa kichwa. Akatoka bila kufunua sufuria yoyote.

Ilifanya kazi. Siwezi kusema vinginevyo. Ile video ya kwanza ilikuwa imechukua siku chache kuenea, na hii ilienea vilevile, kwa sababu watu wanapenda kumwona mwanamume mtu mzima akilia. Chini yake wakaandika pole mzee, wakaandika na sisi kwetu kuna utani wa hivyo, wakagombana wao kwa wao kuhusu nani anaruhusiwa kumtania nani, na mimi sikujibu hata mmoja. Ukishajibu, toka. Yasmini akazirudisha chupa kwenye rafu, na baadaye akaomba nyingi kuliko zamani. Yule wa Mwanza naye akakumbuka namba yangu. Ndoo zikaanza kutoka chumbani kwa bibi Nyamizi, akapata pa kulala. Warinaji walinitumia salamu kwamba Hilari aliacha mke.

Nililipeleka somo lile darasani. Niliwaonyesha akina mama video zote mbili ukutani, nikawaeleza mwanga, nikawaeleza shati, nikawaeleza kwa nini hatukuitaja tuhuma. Waliandika kwa bidii. Mmoja wao, Hafsa, mtengeneza sabuni wa mjini, mtu mzima kunizidi, hakuandika. Alinyoosha mkono akaniuliza kwa upole, na yule mzee sasa mnataniana vipi. Nikamwambia hiyo si mada ya leo.

Siku ya kuanua tanga tulikusanyika tena Usoke. Misa ikasomwa, wali ukapikwa, na uani pakawekwa sanduku la bati lenye nguo za Hilari. Kwetu, sanduku hilo hufunguliwa na mtani. Anavaa suruali ya marehemu nyuma mbele, anatembea kama yeye, anasema huyu alikuwa na shati moja akilificha kwa kubadilisha vifungo, na huku anagawa, hii kwako mdogo wake, hii kwako mjomba, na watu wanapokea wakicheka. Kikiisha kicheko hicho, msiba umekwisha. Hakuna tangazo lingine linalosema umekwisha.

Amon alikuja na treni. Nilimwona tangu getini. Alivua kofia, akapiga hodi, akasubiri akaribishwe. Akatia rambirambi yake kwenye kikapu kama watu wengine, akapita akitoa mkono kwa kila mtu, mpaka akafika kwangu.

"Poleni na msiba, Mama Julieth," akasema.

Nikaitikia asante. Akaenda kukaa kwenye benchi la wanaume, mwisho kabisa, magoti pamoja. Watu walianza kumwangalia, kisha wakaliangalia sanduku, kisha wakamwangalia tena. Muda ukapita. Bibi Nyamizi, ambaye siku zote alimtania kuliko sisi wote, akaona amsaidie. Akamwita kutoka alipokaa kwenye mkeka: we Mgogo, unangoja nini, leo njaa yenu imekwisha? Vicheko viwili vitatu vikatoka, watu wakijiandaa.

Amon akasimama wima.

"Shikamoo, mama," akasema.

Alikuwa hajawahi kumwamkia. Miaka yote alimwita mke mkubwa, na kumwuliza lini atamrudishia mahari yake. Bibi Nyamizi alimtazama, mdomo umebaki wazi kidogo. Halafu akasema marahaba, mwanangu, kwa sauti ndogo, akavuta khanga yake akajifunika vizuri kama mtu aliyeingiliwa na mgeni.

Niliondoka pale nikampa ishara Amon anifuate nyuma ya jiko. Alikuja, akasimama mbali nami, kofia mkononi. Nikamwambia watu wanasubiri. Nikamwambia hakuna mtu hapa aliyeiamini ile video ya radhi, wote wanajua ilikuwa kazi tu, ya biashara, ya watu wa mbali. Alisikiliza kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonishtua. Nilisikia kitu kinapanda kifuani, na kwa vile nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kusikia kitu, sikukitambua mara moja.

"Nitukane mimi basi," nikamwambia. "Neno moja tu, Amon. Lolote."

"Siwezi, Mama Julieth," akasema. "Sasa nitakuwa namtukana mjane."

Akanipa pole tena, akarudi kwenye benchi.

Sanduku lilifunguliwa na mdogo wake Hilari. Alitoa shati moja moja, akalikunja, akampa mtu kwa mikono miwili, na mtu akasema asante. Suruali, asante. Viatu, asante. Lile koti la kazi lilipotoka hakuna aliyenyoosha mkono, akaliweka pembeni. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetoka na suruali nyuma mbele. Shughuli ilikuwa safi na ya heshima, na haikuonekana ingeishia wapi.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia Hilari, na kiatu chake kimoja, na kila kitu, kwa sauti niliyokuwa sijui ninayo. Kwa desturi yetu mjane akilia siku hiyo, mtani hutambaa mpaka mbele yake akalia naye, kwa sauti kubwa kuliko yake, anamwiga kamasi na yote, mpaka mjane acheke na akome. Nilipoinua uso kumtafuta, Amon alikuwa ameketi mahali pake, ameinamisha kichwa pamoja na wanaume wengine, akiniachia nafasi nilie.